Kwanza Joto, Kisha Dang'a: Namna ya Kumwokoa Ndama Dhaifu

Pwani yetu ya kusini, kuanzia Mikindani mpaka mdomo wa mto Ruvuma, siyo nchi ya ng'ombe tangu zamani. Wazee wetu walijua minazi, mikorosho, mihogo, ufuta, mpunga wa bondeni na samaki wa baharini. Walifuga mbuzi na kuku. Ng'ombe walikuwa wachache shauri ya mbung'o, yule nzi anayewaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana.

Kwa hiyo wengi wetu hatukurithi ujuzi wa kufuga ng'ombe. Msukuma au Mmasai amefundishwa na babu yake tangu utotoni. Sisi tunajifunza ukubwani, kama vile tulivyojifunza kusoma ukubwani. Hiyo siyo aibu. Aibu ni kumwacha ndama afe kwa jambo ambalo tungeweza kulijua.

Leo tutazungumza juu ya ndama mchanga aliye dhaifu, hasa yule ambaye hawezi kunyonya kwa mama yake na inabidi anyweshwe kwa chupa. Pengine mama yake amekufa wakati wa kuzaa. Pengine hana maziwa, au kiwele kinauma, au anamkataa mtoto. Pengine ndama mwenyewe amezaliwa kabla ya siku zake, au ni pacha, au amechoka kwa kukaa njiani muda mrefu.

NG'OMBE MMOJA, NYUMBA MBILI

Sehemu nyingi za Tanzania umetumika mpango wa "kopa ng'ombe lipa ng'ombe". Familia inapewa mtamba mwenye mimba. Akizaa ndama jike, familia inamlea, kisha inamtoa kwa familia nyingine inayongoja. Mikataba inatofautiana, lakini maana yake ni moja: ndama anayezaliwa zizini kwako ni mali ya nyumba mbili.

Hebu tutoe mfano. Mfano huu hauhusu mtu fulani. Ni mambo yanayoweza kutokea katika kijiji chochote kando ya Ruvuma, kuanzia Kitaya mpaka Msimbati.

Ni usiku, mwezi wa Machi. Mvua inanyesha. Mtamba wa nyumba hiyo amezaa kwa shida, saa 3 usiku. Ndama ni jike. Amelala ubavu kwenye matope, amelowa, hainui kichwa. Mama mwenye nyumba anaingiza kidole kinywani mwa ndama na kuona kinywa ni cha baridi. Jirani, yule anayemngoja ndama huyo kwa mwaka mzima, amekuja na taa yake. Anasimama mlangoni, hasemi kitu.

Baba anachukua kata ya maziwa ya moto. Anataka kummiminia ndama kooni ili apate nguvu. Bibi wa nyumba hiyo anamzuia:

"Mwanangu, usimmiminie! Utamzamisha. Mtu akiwa na baridi hivyo anakula? Mpashe joto kwanza."

Bibi amesema kweli. Tutaona kwa nini.

KWA NINI NDAMA MCHANGA HUFA UPESI

Ndama mchanga dhaifu hufa kwa mambo matatu makubwa: baridi, njaa, na viini vya maradhi. Mara nyingi mambo hayo hufuatana. Baridi inamfanya asiweze kunyonya. Asiponyonya anakosa nguvu na kinga. Akikosa kinga, viini vinamshambulia, anaanza kuhara, na maji yanamwishia mwilini.

Mtu atauliza: baridi gani hapa Mtwara, mahali penye joto hivi? Jibu ni rahisi. Kumbuka unapotoka kuoga baharini wakati upepo unavuma. Jua linawaka, lakini unatetemeka. Maji yanapokauka juu ya ngozi yanachukua joto la mwili. Ndama aliyelowa, kwenye matope, usiku wa mvua na upepo wa bahari, anapoteza joto haraka sana. Naye ana mafuta kidogo mno mwilini ya kumsaidia.

SAA YA KWANZA: PUMZI NA JOTO

Ndama akishatoka, fanya mambo haya kwa utaratibu:

1. Safisha ute puani na kinywani kwa vidole vilivyooshwa. Kama hapumui vizuri, mtekenye puani kwa jani kavu la nyasi ili apige chafya. Msugue mbavu kwa nguvu. Usimning'inize kichwa chini kwa muda mrefu. Matumbo yake yanaangukia mapafu, na kupumua kunazidi kuwa kugumu.

2. Mlaze kifudifudi, kifua chini na miguu imekunjwa, siyo ubavu. Akilala hivyo mapafu yote mawili yanapata hewa. Kama hawezi kujishika, mwegemeze kwa magunia yaliyojazwa majani.

3. Mwache mama yake amrambe kama anataka. Kulamba kunamkausha na kunaamsha damu. Kama mama hayupo au anakataa, wewe mkaushe kwa gunia safi au khanga kuukuu. Sugua mpaka manyoya yasimame.

4. Mtoe matopeni. Mtengenezee mahali pakavu pasipopigwa na upepo. Tandika majani makavu mengi, mpaka miguu yake izame ndani. Ukuta wa makuti upande unaotoka upepo unatosha kabisa.

5. Jaza maji ya moto kwenye chupa, funga vizuri, zungushia kitambaa, ziweke ubavuni mwake na kati ya miguu. Chupa isimguse ngozi ikiwa tupu, itamwunguza. Zikipoa, badilisha.

Wengine humleta ndama jikoni karibu na moto. Joto ni zuri, lakini moshi ni mbaya kwa mapafu yake. Ukimleta jikoni, moto uwe wa mkaa mwekundu usio na moshi, na mlango uwe wazi.

Kama una kipimajoto, hata kile cha watu, kipake mafuta kidogo na ukiingize polepole njia ya haja kubwa. Ndama mzima huwa na joto la kati ya 38.5 na 39.5. Akiwa chini ya 38 amepoa, na kazi ya kwanza ni kumpasha. Akizidi 40 ana homa. Kipimajoto hicho kikishatumika kwa mnyama kisirudi tena kwa watu.

DANG'A NI KINGA, SIYO CHAKULA TU

Dang'a ni yale maziwa mazito ya manjano ambayo ng'ombe hutoa mara baada ya kuzaa. Watu wengine huyamwaga wakidhani ni machafu. Kuyamwaga ni kumwaga uhai wa ndama.

Mtoto wa binadamu hupata sehemu ya kinga kutoka kwa mama yake akiwa bado tumboni. Ndama hapati. Kondo la ng'ombe haliruhusu kinga hiyo kupita. Ndama anazaliwa mtupu, kama askari asiye na ngao. Ngao yake iko ndani ya dang'a.

Tena ngao hiyo ina saa yake. Ndama akizaliwa, utumbo wake una njia ndogo za kupitisha kinga kutoka kwenye dang'a mpaka kwenye damu. Njia hizo zinaanza kufunga tangu saa za kwanza. Baada ya saa 24 hivi zimefunga kabisa. Dang'a ya kesho haiwezi kufanya kazi ya dang'a ya leo.

Kwa hiyo jitahidi ndama anywe dang'a ndani ya saa 2 tangu kuzaliwa, na isizidi saa 6. Katika saa hizo za kwanza apate jumla ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kisha apate tena kabla ya saa 12 kupita.

Uzito tutaujuaje? Tumia mizani ya kusimamia. Mtu asimame peke yake, kisha asimame akiwa amembeba ndama, halafu toa. Kwa mfano:

Mtu na ndama: kilo 80
Mtu peke yake: kilo 58
Ndama: kilo 22

Sehemu moja ya kumi ya kilo 22 ni kilo 2.2, yaani lita 2 na kidogo. Ndama dhaifu hawezi kunywa yote kwa mara moja. Mpe nusu lita, mwache apumzike, kisha mpe tena baada ya saa moja au mbili, mpaka kiasi hicho kitimie.

Kama mama yake hana dang'a, itafute kwa ng'ombe mwingine mzima aliyezaa siku hiyo au jana yake. Hapo ndipo jirani anapohitajika. Katika mfano wetu, yule jirani mwenye taa hakusimama tu mlangoni. Aliondoka na mvua ile ile akaenda kubisha hodi nyumba ya tatu, ambako ng'ombe alikuwa amezaa asubuhi. Alirudi na chupa imefichwa ndani ya khanga.

Njia iliyo bora zaidi ni kuweka akiba. Siku hizi katika vijiji vingi vya pwani kuna majokofu ya kugandisha samaki. Ng'ombe mwenye dang'a nyingi akizaa, kamua ile inayobaki, itie kwenye chupa safi za nusu lita, andika tarehe, igandishe. Usijaze chupa mpaka juu, maana ikiganda inavimba. Inaweza kukaa mwaka mzima ikiwa imeganda. Siku ya kuitumia, weka chupa ndani ya maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, mpaka iyeyuke. Usiichemshe jikoni. Ikichemka inaganda kama yai, na kinga yote inaharibika.

Vijitabu vya zamani vilifundisha kutengeneza "dang'a" kwa yai, maji, maziwa na mafuta ya nyonyo. Leo tunajua kwamba mchanganyiko huo ni chakula tu. Hauna ile kinga. Ndama asiyepata dang'a kabisa atalelewa kwa maziwa, lakini lazima awekwe mahali pasafi zaidi na aangaliwe kwa makini zaidi, maana hana ngao.

USIMMIMINIE NDAMA ASIYENYONYA

Sasa turudi kwa neno la bibi. Kabla ya kumpa ndama kitu chochote, osha mkono, ingiza vidole viwili kinywani mwake. Angalia mambo mawili. Je, kinywa kina joto? Je, anavuta vidole kama anayenyonya?

Kama kinywa ni cha baridi na havuti, usimpe kitu kinywani. Hajui kumeza. Ukimmiminia, maziwa yataingia kwenye mapafu. Atakufa siku hiyo kwa kukosa pumzi, au atakufa baada ya siku chache kwa ugonjwa wa mapafu. Mfugaji atasema "ndama alikuwa mgonjwa tu", kumbe ni ile kata.

Mpashe joto, msugue, kisha jaribu tena baada ya nusu saa. Mara nyingi ndama akipata joto anaanza kuvuta. Kama amepata joto lakini bado havuti, mwite bwana mifugo upesi. Yeye anao mpira wa kupitisha dang'a mpaka tumboni. Kazi hiyo sharti ifanywe na mtu aliyefundishwa, kwa sababu mpira ukiingia njia ya hewa, ndama atazama.

Ndama akiwa anavuta, mpe chupa namna hii:

Asimame, au alale kifudifudi. Asilale ubavu wala chali. Shika chupa mbele yake, shingo iwe imenyooka na pua imeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama yake. Usimvute kichwa kuelekea juu kama mtu anayekunywa dafu.

Chuchu ya mpira inapatikana katika maduka ya dawa za mifugo. Tundu lake liwe dogo. Chupa ikigeuzwa, maziwa yadondoke matone matone, yasitiririke. Usilipanue tundu kwa haraka yako. Kunyonya polepole kuna faida. Ng'ombe ana matumbo manne. Ndama anaponyonya, mfereji maalum unajifunga na kuyapeleka maziwa moja kwa moja mpaka tumbo la nne, ambalo ndilo linaloweza kuyasaga.

Akikohoa, acha. Mwinamishe kichwa, mpumzishe.

KITOVU NI MLANGO

Kitovu kibichi ni mlango ulio wazi kuingia mwilini. Viini vya kwenye mavi na matope vinapita hapo mpaka kwenye ini na kwenye viungo vya miguu. Baada ya siku chache utaona kitovu kimevimba, kina joto, kinanuka, au magoti yamevimba na ndama anachechemea.

Mara baada ya kuzaliwa, chovya kitovu chote ndani ya kikombe kidogo chenye iodini ya kusafishia vidonda vya mifugo. Rudia baada ya saa 12. Usipake mavi, majivu wala udongo. Usikifunge kwa kitambaa kichafu.

MAZIWA KWA SAA NA KWA KIPIMO

Baada ya dang'a, ndama wa chupa anataka mambo manne: kipimo kile kile, saa zile zile, joto lile lile, na chombo safi.

Kipimo: kwa siku apate angalau sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Yule ndama wetu wa kilo 22 atapata lita 2 na robo hivi. Ndama dhaifu ampe mlezi wake kidogo kidogo mara 4 au 5, pamoja na mara moja usiku. Akipata nguvu na hamu, ongeza taratibu, maana kiasi hicho kinamweka hai tu, hakimkuzi sana. Kisha anaweza kunyweshwa mara 2 au 3 kwa siku.

Joto: maziwa yawe na joto la mwili. Dondoshea kwenye kifundo cha mkono. Usisikie moto wala baridi.

Usiongeze maji kwenye maziwa ili yawe mengi. Ndama atashiba maji na kukonda. Usimpe uji wa muhogo wala wa mahindi. Tumbo la ndama wa siku chache haliwezi kusaga wanga. Kama hakuna maziwa ya ng'ombe, maziwa ya mbuzi yanafaa.

Chombo: kila akimaliza kunywa, suuza chupa na chuchu kwa maji baridi, osha kwa maji ya moto na sabuni, kisha zining'inize zikauke. Maziwa yaliyolala ndani ya chuchu, kwa joto la pwani yetu, ni shamba la viini.

Tangu wiki ya kwanza mwekee maji safi ya kunywa. Baadaye mwekee majani laini ayachezee kinywani. Hivyo ndivyo tumbo lake linavyojifunza kazi.

NDAMA AKIHARA

Katika mfano wetu, ndama alianza kunyonya alfajiri, siku ya pili akasimama. Nyumba zote mbili zikafurahi. Siku ya 6 akaanza kuhara maji ya manjano. Baba akasema, "Maziwa yanamwendesha. Tumnyime mpaka tumbo likauke."

Ndugu msomaji, kosa hili limeua ndama wengi. Kuhara kunatoa maji na chumvi mwilini. Ukimnyima na maziwa, unamwongezea njaa. Ndama anayehara huuawa na ukavu wa mwili kuliko viini vyenyewe.

Kwa hiyo endelea kumpa maziwa yake, kidogo kidogo mara nyingi. Katikati ya nyakati za maziwa mpe maji ya chumvi. Usiyachanganye na maziwa. Mpe nusu lita mpaka lita moja kwa mara moja, mara 2 mpaka 4 kwa siku, kwa kadiri anavyohara.

Kwa dharura unaweza kutumia pakiti ya ORS ile ile ya watu wanaohara. Hapa kisomo chetu kinafanya kazi. Soma maandishi ya pakiti: maji kiasi gani, na tarehe ya mwisho ya kutumia. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka vuguvugu. Usikisie.

Kama huna pakiti, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, na vijiko viwili vya chakula vya glukosi ya dukani, navyo visawazishwe. Koroga mpaka vyote viyeyuke.

Angalia sana: tumesema glukosi, siyo sukari ya chai. Mtoto wa binadamu anaweza kutumia sukari ya chai. Ndama mchanga hawezi. Utumbo wake hauna kitu cha kuivunja sukari hiyo, na itamzidishia kuhara. Mtu akiuliza juu ya dafu, mwambie dafu ni tamu, lakini chumvi inayopotea kwa kuhara ni kidogo sana ndani yake. Halitoshi peke yake.

Utajuaje kama ameishiwa maji? Finya ngozi ya shingo, iinue, iachie. Kama inarudi mara moja, ni vizuri. Kama inakaa imesimama zaidi ya sekunde 2, maji yamepungua. Angalia pia kama macho yameingia ndani na ufizi umekauka.

Usimpe dawa iliyobaki nyumbani, wala vidonge vya watu. Kuhara kwa ndama wachanga kunaletwa na viini vya aina nyingi, na dawa nyingi haziviui vyote. Dawa isiyo yake inaweza kumdhuru, na tena inavizoesha viini kuishinda dawa.

MWITE BWANA MIFUGO BILA KUNGOJA

Usingoje kesho ukiona dalili hizi:

Ndama amepashwa joto lakini bado hanyonyi.
Hawezi kusimama, kinywa baridi, macho yameingia ndani. Huyu anahitaji maji ya mshipani.
Kuhara kuna damu.
Anapumua haraka, anakohoa, ana homa.
Kitovu au magoti yamevimba.
Tezi za chini ya masikio au mbele ya bega zimevimba, ana homa. Hii yaweza kuwa ndigana kali, inayoletwa na kupe. Chungulia masikio ya ndama kila siku, maana kupe hao hupenda kukaa hapo.

Mwanzoni muulize bwana mifugo au bibi mifugo wa kata yako namba yake ya simu, uiandike ukutani kabla ng'ombe hajazaa. Wafugaji wa karibu na mji wa Mtwara wanaweza pia kuuliza ushauri kwa wataalamu wa kituo cha utafiti wa mifugo, TALIRI, pale Naliendele.

TUJILINDE NA SISI

Viini vingine vya kuhara kwa ndama huwaambukiza watu, hasa watoto. Mtoto anapenda kucheza na ndama wa chupa, na ndama anapenda kunyonya vidole vyake. Mradi ndama anahara, watoto wakae mbali. Kila mtu anawe kwa sabuni akitoka bandani. Tena maziwa ya kunywa watu yachemshwe siku zote.

Jambo la mwisho ni daftari. Andika siku na saa ya kuzaliwa, saa aliyokunywa dang'a, kiasi alichokunywa kila mara, joto lake, na siku alipoanza kuhara. Bwana mifugo akija usiku amechoka, daftari litamweleza mambo ambayo wewe umeyasahau kwa wasiwasi.

Siyo kila ndama ataokoka. Wako wanaozaliwa wameharibika viungo ndani, na hao hawana tiba. Lakini wengi wanaokufa katika wiki ya kwanza hawakukosa dawa ya ghali. Walikosa gunia kavu, chupa ya dang'a na mtu wa kukesha nao.

Katika mfano wetu, baba alikubali kuendelea na maziwa. Jirani alikuwa zamu ya usiku. Alisema, "Shemeji, nenda ukalale. Ng'ombe ni wako, lakini ndama ni wangu." Siku ya 9 kuhara kulikoma. Ndama alimwona akija na chupa, akamkimbilia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini ndama asipewe maziwa akiwa kinywa chake ni cha baridi?
2. Ndama amezaliwa saa 10 alfajiri. Ni saa ngapi mwisho anapotakiwa awe amekunywa dang'a ya kwanza?
3. Ndama ana kilo 24. Apate angalau lita ngapi za maziwa kwa siku? Kama anakunywa mara 4, kila mara apate kiasi gani?
4. Kwa nini glukosi inafaa kwa ndama anayehara, na sukari ya chai haifai?
5. Katika kijiji chenu, ni nani mwenye jokofu anayeweza kutunza chupa chache za dang'a kwa ajili ya wote? Zungumzeni, mpatane kabla ya mvua.